Mwizi Hanyweshi Ng'ombe Mafuta

Niseme ukweli mapema kabla majirani hawajakusimulia kwa niaba yangu: nilisikia hodi. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mlango wa nyuma, ngumi tatu nzito, kisha sauti ya Kui. "Mum! Mum, fungua!" Nami nikavuta blanketi hadi kichwani, nikageukia ukuta na kufumba macho kama mtoto anayejifanya amelala.

Usinihukumu bado. Kui ni binti yangu wa pekee, ana miaka ishirini na minane, na kwa miaka mitatu hodi yake ya alfajiri ilikuwa na maana moja tu. Alikuwa anatumia heroini. Aliishi Kaptembwo kule Nakuru mjini, anajidunga, na akiishiwa ndipo anakumbuka kwamba ana mama Subukia. Mlango huo nimeufungua mara ngapi! Nimefungua nikampa blanketi, nimefungua nikampikia chai, na kukicha nikakuta redio haipo, sufuria kubwa haipo, na viatu vya marehemu baba yake navyo vimeenda. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa mpaka sikubaki na pa kuumwa tena.

Wiki saba kabla ya asubuhi hiyo alikuwa ametoka kituo cha matibabu, miezi sita mle ndani, mashavu yamerudi, kicheko kimerudi. Nilimpokea langoni, na kabla hajaweka begi chini nikamsomea sheria. "Kitu kimoja kikipotea hapa, hata kijiko, unaenda. Na mara hii haurudi." Akaniangalia, akasema, "Sawa, Mum." Tangu siku hiyo aliyeiogopa sheria hiyo ni mimi mwenyewe. Mimi Wawira nikisema neno nimelisema, bonde zima linanijua. Basi nikaanza kufunga kila kitu kwa kufuli: jikoni, stoo, kabati, hata sanduku la mayai. Haukuwa uchoyo. Nilifunga ili kisipotee kitu nikalazimika kumfukuza mtoto wangu. Nilitaka jambo moja tu katika dunia hii, Kui akae.

Hodi ikanyamaza. Nikasikia kishindo fulani upande wa jikoni, nikasema ni paka. Nikalala tena, Mungu anisamehe, na nikaota ndoto nzuri.

Saa kumi na mbili nikatoka na ndoo ya kukamulia. Jikoni yetu imejengwa nje, kando ya nyumba, na kufuli lake lilikuwa linaning'inia limevunjwa kwa jiwe. Nikaingia. Mtungi mpya wa mafuta ya kupikia, lita mbili, haupo. Kisu kikubwa hakipo. Nikakimbilia chumba cha Kui karibu na zizi: kitanda kitupu, blanketi limetupwa sakafuni. Nikageukia zizi. Mlango wazi. Madam hayuko!

Madam ni ng'ombe wangu. Ni mweusi na ana doa jeupe pajini, na anatembea kama mwalimu mkuu anayekagua madarasa, ndiyo maana akaitwa hivyo. Nimemlea tangu akiwa ndama wa chupa. Nikasimama pale na ndoo yangu, damu ikanipanda kichwani mpaka nikasikia masikio yanalia. Kijiko nilikisema kwa mfano tu, na huyu amebeba ng'ombe mzima!

Nikatoa simu. Sisi wafugaji wa upande huu tuna kundi letu la WhatsApp, na tangu ng'ombe watatu waibwe msimu wa mvua tulikubaliana: ukiona zizi lako wazi, andika kwanza, lia baadaye. Wote watatoka na kufunga njia. Nikaandika kwa hasira: "KUI AMEVUNJA JIKONI AMEIBA MADAM. ANA KISU. FUNGENI NJIA MKAMATENI!!!"

Haikupita hata dakika moja. Mwenyekiti wetu, Ndegwa, mzee anayelala na filimbi shingoni, akajibu: "Ameonekana na mama wa kibanda cha chai. Anapandisha njia ya msituni. Ng'ombe amefungwa mdomo. Tumetoka." Moyo ukanishuka hadi kwenye gambuti, buti zangu za mpira. Njia ya msituni ndiyo njia ya wezi, na wezi hufunga ng'ombe mdomo asilie. Basi ni kweli. Nikakaa kwenye ndoo, nikaanza kumtukana Kui kwa lugha zote ninazojua, na machozi yakinitoka, kwa sababu sheria ilikuwa imevunjika na mimi ni mtu wa neno langu.

Wakati huo ndipo Chepchirchir alipoingia langoni na pikipiki yake. Chepchirchir ni rafiki yangu wa miaka mingi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu anayekusanya maziwa bonde zima akiwa amevaa sketi juu ya suruali ya mumewe. Alikuwa barabarani, hajaona ujumbe.

"Mama Kui, maziwa iko wapi? Mbona unalilia ndoo?"

"Hakuna maziwa. Hakuna ng'ombe. Hakuna mtoto!" Nikamweleza mambo yote kwa pumzi moja.

Akashuka kwenye pikipiki. Akaingia zizini, akainama, akaanza kuangalia chini kama mtu aliyeangusha pete. Nilimfuata nikiendelea kulalamika. Akaokota jani la kabichi lililobaki kwenye hori.

"Hii kabichi niliyokuletea jana jioni. Ulimpea kiasi gani?"

"Nilimpa. Yote."

"Gunia mzima? Na ilikuwa imenyeshewa?"

"Alikuwa anakula vizuri," nikasema. "Ningemnyima?"

Akanyoosha kidole. Sakafu ilikuwa imechimbwa kwa kwato, mahali ng'ombe alipokuwa akijipiga tumbo kwa mguu. Hakukuwa na kinyesi hata tone. Povu la mate lilikuwa limetapakaa ukutani. Na kando ya hori, chini ya majani makavu, ulikuwa mtungi wangu wa mafuta, mtupu, mdomo wake umetafunwa na meno makubwa, na mafuta yamemwagika kuelekea mlangoni.

Chepchirchir akauinua mtungi ule, akanipa. "Mama Kui," akasema pole pole, "mwizi hanyweshi ng'ombe mafuta."

Nilielewa yote kwa mara moja, na nikatamani ardhi inimeze. Madam alikuwa amefura! Gunia zima la kabichi mbichi yenye maji, gesi imejaa tumboni, na kila mfugaji anajua ng'ombe aliyefura anafanyiwa nini. Unamnywesha mafuta. Unamfunga kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune na kucheua. Kisha unamtembeza kupanda mlima, miguu ya mbele iwe juu, gesi ipate njia. Na mlima ulio karibu nasi ni upi? Ni ule wa njia ya msituni. Kui alisomea afya ya mifugo miaka miwili kabla heroini haijamchukua. Alikuja kuniamsha. Aligonga, akaita, nami nikajifunika blanketi.

Na sasa nilikuwa nimeamsha bonde zima limwendee mtoto wangu na mapanga.

Nikashika simu. "Nimekosea, mwacheni, ng'ombe ni mgonjwa!" Nikatuma. Nikapiga kwa Ndegwa: inaita, hakuna anayeshika. Nikapiga tena. Watu wanaokimbia kupanda mlima hawasomi simu. Ujumbe uliotangulia wangu kwenye kundi ulikuwa wa mtu nisiyemjua hata jina: "Tumemuona. Leo ni leo."

"Panda!" Chepchirchir akapiga kelele. Mitungi yake ya maziwa akaishusha kwa teke, yote minne, na maziwa ya watu yakafanya mto uani kwangu. Nikapanda nyuma yake nikiwa na gambuti moja, sijui lile lingine lilienda wapi, na tukatoka langoni kwa kishindo hata kuku wakaruka juu ya ua.

Sijawahi kupenda pikipiki, lakini siku ile nilimpiga mgongo rafiki yangu kama ngoma. "Ongeza! Ongeza!" Tukapita kibanda cha chai, mama mwenyewe amesimama nje na upawa mkononi, akatuonyesha juu. Tukapita shule, tukapita shamba la kahawa la kina Thuo, njia ikawa mawe na matope, gurudumu likateleza huku na huku. Nilikuwa naomba kwa sauti. Nilimwambia Mungu achukue ng'ombe, achukue jikoni, achukue na shamba ikibidi, lakini aniachie mtoto wangu. Kwenye kona ya mwisho pikipiki ikazama kwenye tope, ikakataa. Nikaruka. Nikapanda mlima ule kwa miguu, mmoja una gambuti na mmoja una soksi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, na niliwapita wanaume wawili waliokuwa wakihema njiani na fimbo zao.

Nikawaona. Watu kama ishirini wamefanya nusu duara kwenye uwanja mdogo penye mteremko, na Ndegwa mbele na panga. Katikati alikuwa Madam. Tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limepanda juu kuliko uti wa mgongo, ulimi umetoka nje, kijiti kimefungwa mdomoni kwa kamba ya kaptura, miguu inatetemeka. Na kando yake Kui, matope hadi magotini, kisu changu mkononi.

"Msinikaribie!" alikuwa anapiga kelele. "Ng'ombe anakufa! Mnanisikia? Anakufa!"

"Anataka kumchinja auze nyama!" mtu akajibu, na jiwe likatoka nyuma ya watu. Lilimpata Kui begani. Nilisikia lilivyompata. Akayumba, lakini hakuondoa mkono wake ubavuni mwa Madam.

Ni vipi nilivyopita kati ya watu wale, sijui. Nilijikuta nimesimama mbele yake, mikono nimeitanua, nikihema na kutema mate. "Anayetaka kurusha jiwe anirushie mimi! Ndegwa, weka hiyo panga chini! Ni mimi nilikosea! Mtoto hakuiba!"

"Mama Kui," Ndegwa akasema, macho yamemtoka, "si ni wewe umetuita? Si ni wewe umeandika?"

"Mimi ni mjinga! Umeridhika? Andika hivyo kwenye kitabu cha kikundi! Nimemlisha ng'ombe gunia la kabichi, mtoto amekuja kumwokoa, mimi nikamwita mwizi!"

Ndegwa akashusha panga. Nyuma yangu Kui akasema kwa sauti ya chini, ya haraka, ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa chuo. "Mum, sikiza. Mafuta imevunja povu lakini gesi haitoki kwa mdomo. Amebaki na dakika chache. Lazima nimtoboe hapa." Akaweka kiganja kwenye lile shimo la ubavu wa kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mahali ngozi ilikuwa imenyooka kama ngoma. "Nikikosea anakufa. Nisipofanya anakufa. Na watu hawa wote wataniona nikimuua. Ni ng'ombe wako. Sema."

Nilimwangalia mikono. Mikono hiyo ilikuwa imeniibia, ilikuwa imetetemeka mezani kwangu hata kikombe kikamwagika, na hapo ndani ya kiwiko makovu yake bado yalionekana. Sasa ilikuwa imetulia. Jiwe limempiga, watu ishirini wamemzunguka, na kisu kiko imara mkononi kama kimezaliwa pale.

"Choma," nikasema. "Choma, mwanangu!"

Akachoma. Pigo moja, kisu kikaingia, akakigeuza kidogo, na wacha nikwambie, sauti iliyotoka hapo! Upepo ulilia kama basi linaloachilia breki. Povu la kijani likaruka juu na kumpata Ndegwa usoni, ndevuni, mpaka kwenye filimbi yake. Watu wakatawanyika wakiziba pua, mmoja akaanguka kwenye nyasi, na harufu ikafika hadi kijijini nadhani.

"Biro!" Kui akaita. "Nani ako na biro? Haraka, shimo litajifunga!"

Ndegwa, mwenyekiti ni mwenyekiti, hata akiwa kijani hakosi kalamu mfukoni. Akampa. Kui akang'oa wino kwa meno, akautema, akasukuma lile ganda tupu ndani ya jeraha kando ya kisu, kisha akatoa kisu taratibu. Hewa ikaendelea kutoka kupitia kalamu ya mwenyekiti, ikipiga mbinja. Tumbo likaanza kushuka. Sote tulikuwa tunaliangalia lile tumbo, hakuna aliyepumua ila ng'ombe. Likashuka, likashuka. Kui akamfungua kijiti, Madam akafunga mdomo. Akameza. Akacheua mcheuo mrefu, wa aibu, akatingisha masikio, na mara akanyoosha shingo akang'ata nyasi, kana kwamba sisi wote tumekuja pale kumpotezea wakati.

Kelele iliyozuka! Chepchirchir alikuwa amefika, akapiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Wanaume waliokuja na fimbo wakazitupa, wakaanza kupigana mabega. "Daktari! Daktari!" Mtu akataka kumbeba Kui juu, yeye akawakataza kwa sababu bega lilimuuma. Nilikuwa narukaruka na soksi yangu moja. Sijui nilikuwa nalia au nacheka, vyote vilikuwa vinatoka pamoja.

Kisha Kui akafuta mikono kwenye nyasi, akauliza, "Na hawa watu wote walijuaje niko hapa?"

Nilitamani mtu aseme jambo lolote. Ndegwa ndiye aliyetoa simu, masikini, kwa kuwa hajui kudanganya, akampa. Kui akasoma. Akasoma tena. Furaha yote pale mlimani ikapoa.

"Ulisikia nikibisha, Mum?"

Ningeweza kusema nilikuwa usingizini. Ni neno dogo, na lingepita. "Nilisikia," nikasema. "Nilisikia ukiniita, nikajifunika."

Akatikisa kichwa kidogo, akarudisha simu. "Miaka mitatu iliyopita ningekuwa nimemuuza kweli," akasema. "Lakini leo haikuwa hivyo."

Kwetu mzazi haombi mtoto msamaha mbele za watu. Ukikosea, unamchinjia kuku, unamwongezea nyama kwenye sahani, yeye anaelewa. Lakini nilikuwa nimemchafua mbele za watu ishirini na kundi zima la WhatsApp, na kuku asingetosha. Nikamshika mkono, nikasema kwa sauti ili hata walio nyuma wasikie. "Kui, nimekukosea. Nimekuita mwizi na wewe si mwizi. Nisamehe." Wazee wawili wakaangalia pembeni. Kui aliinua kamba ya Madam, akaniwekea ncha yake mkononi, na tukaanza kushuka pamoja, watu wakitufuata kama harusi.

Tulipofika nyumbani, Masinde, daktari wa mifugo, alikuwa ameshafika. Mtu alikuwa amempigia. Alikagua jeraha, akatoa ile biro, akacheka peke yake. Akashona. "Ni nani alitoboa?" akauliza.

"Huyu!" sote tukasema.

"Mahali penyewe kabisa. Ungepanda juu kidogo ungegusa figo." Akafungua mkoba wake, akamdunga Madam dawa shingoni, kisha akatoa chupa na boksi la sindano. "Hii asubuhi na jioni, siku tano, jeraha lisioze. Na maziwa mmwage. Mimi nina safari, sitaweza kurudi." Akamtazama Kui, akakumbuka mambo ambayo bonde lote linayajua, akaangalia chini. Boksi akanipa mimi.

Nikachemka. Mimi nikikosea hurekebisha kwa pupa, ndivyo nilivyoumbwa. Nilichukua boksi lile, nikamgeukia Kui mbele ya watu wote, nikamwekea mikononi. "Daktari wetu ni huyu!" nikatangaza. "Kuanzia leo atashika kila kitu. Kufuli zote natupa chooni!" Watu wakapiga makofi. Nilijiona nimefanya jambo kubwa sana.

Kui hakucheka. Aliliangalia boksi, na mikono yake, ile iliyotulia mbele ya mapanga, ikaanza kutetemeka. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisha akalirudisha kwangu, akalisukuma kifuani pangu kwa nguvu.

"Hapana, Mum."

"Chukua tu, nakuamini!"

"Najua. Mimi ndio sijiamini." Aliongea polepole, na hakujali nani anasikia. "Ng'ombe naweza. Kisu naweza. Hizi bado. Zifungie mahali, na usiniambie ni wapi."

Watu wakadhani ni jambo la aibu. Mimi moyo uliruka hata nikashika nguzo ya zizi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimesikia kinywani mwake kila aina ya maneno: nitaacha kesho, sijagusa, ni homa tu, naapa kwa Mungu. Nilikuwa nimesahau sauti yake ikisema kweli inakuwaje. Hakuna aliyeelewa kwa nini mama mzima amesimama na boksi la sindano kifuani akicheka na machozi yakimdondoka. Chepchirchir pekee ndiye aliyenishika bega, akawafukuza wengine waende kwao.

Jioni ikafika, na sindano ya pili ilikuwa juu yangu, mtu ambaye sijawahi kudunga hata chungwa. Kui hakuigusa: alinieleza kwa maneno tu, chupa juu, bomba chini, vuta hadi mstari wa ishirini, toa hewa, huku mwenyewe amegeuka ukutani. Kisha akamshika Madam pua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, bila kugeuza uso, akapapasa shingo na kuweka kidole.

"Hapa, Mum. Sukuma moja kwa moja. Usiogope."

Nikasukuma. Madam akapiga teke ndoo ikaenda zake, nami nikapiga yowe kubwa kuliko la ng'ombe.

"Umeweza?" Kui akauliza, bado anatazama ukuta.

"Nimeweza!"

"Sasa itoe pole pole, uende nayo. Halafu urudi tukamue, hata kama ni ya kumwaga."

Nikaichomoa, nikaenda nayo mbio hadi ndani ya nyumba, nikaifungia mahali ambapo hata wewe sikwambii. Nikarudi mbio vilevile. Nilipofika zizini alikuwa bado yuko, ameketi kwenye kigoda, ameegemeza kichwa ubavuni mwa Madam, anakamua.